Neno la Kumketisha Mbwa

Benchi letu la Kisenyi lilikuwa kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa. Erinayo fundi alikitoa gereji akakiegemeza kwenye ukuta wa madrasa yangu, mahali ambapo kivuli hudumu mpaka karibu na adhuhuri, na hapo Bi Mwanawetu alitenga dele lake la kahawa juu ya makaa. Ng'ambo ya njia lilikuwako duka la vitambaa la Mzee Ratilal, ambaye mwishoni mwa mwaka wa sabini na mbili alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, akaondoka na sanduku moja. Dukani humo, kwa jina la vita vya uchumi, aliingizwa Kapteni mmoja wa jeshi, akapewa duka, nyumba ya juu, mizani, na mbwa mkubwa wa rangi ya majivu aliyeachwa uani. Mbwa huyo alifungwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza. Asubuhi ninayoisimulia, Kapteni alitoka mbele ya askari wake akamwamuru mbwa akae chini. Mbwa akamtazama. Akamwamuru tena, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa teke. Mbwa akasimama vile vile. Askari mmoja akacheka. Na Kapteni, aliyeona haya kumpiga mtu wake kwa sababu ya kicheko, akaligeukia benchi.

— Nyinyi mbwa! Nani nafundisha hii mbwa dharau?

Tuliinamia vikombe. Okeny peke yake hakuinama. Alikuwa mtu wa Gulu, polisi aliyestaafu, tuliyemwita Rungu kwa sababu miaka mingi aliulinda mtaa huu kwa miguu yake na rungu lake.

— Sisi si mbwa, afande, akasema.

Kapteni akavuka njia polepole, akasimama mbele yake.

— Wewe Muacholi. Mimi nakwenda kambini. Narudi adhuhuri. Nikiambia hii mbwa kaa, itakaa. Kama haikai, ile mnyororo utavaa wewe. Utalala kwa mlango yangu, utabweka. Umesikia?

Akaingia garini, akamwacha askari mmoja barazani na bunduki mapajani. Vumbi lilipotua, Bi Mwanawetu alimimina kahawa bila kuulizwa. Sukari tulikuwa tumekwisha kuisahau, na tangawizi ya Santa, mchuuzi wa Kalerwe, ilikuwa bado haijafika.

— Kimbia, Rungu, Bi Mwanawetu akamnong'oneza. Pitia nyuma ya gereji.

— Nikimbie, halafu waende kwa mke wangu Rosalba na watoto? Wanajua nyumba yangu. Siendi popote. Lakini mbwa! Mimi! Nimevaa gwanda la serikali kabla huyu hajajua kuvaa viatu!

— Punguza sauti, baba.

— Sipunguzi! Mbwa!

Erinayo, tuliyemwita Spana, alikuwa mtu asiyeweza kukaa na hofu bila kuifunika kwa maneno. Akaweka kikombe chini.

— Hasira ya nini, ssebo? Neno yenyewe si tusi. Kwetu Buganda tunasema embwa. Kwa Maalim hapa ni mbwa. Neno ni moja, na ni yetu. Waswahili walikuja kununua pembe kwa Kabaka, wakaiba na neno.

— Tuliiba mbwa? akauliza Bi Mwanawetu, ambaye babu yake alikuja na msafara kutoka pwani.

— Mliiba neno. Mbwa mliacha, kwa sababu ya dini.

Hata Okeny alikaribia kucheka. Mimi niliona ni vyema niseme, kwani mjadala ulikuwa ukimpumzisha.

— Hakuna aliyeiba, Erinayo. Neno hili ni kongwe kuliko Buganda na kongwe kuliko pwani. Nilisafiri na marehemu baba mpaka ndani ya Kongo, na kila kambi tuliyolala wenyeji waliita mbwa, au imbwa, au kitu cha jirani nacho. Wazee wetu waliofyeka misitu walitembea na mnyama huyu pamoja na jina lake. Majina mengine yalibadilika njiani. Hili halikubadilika. Nadhani watu huona vigumu kubadili jina la yule anayekesha wakati wao wamelala.

— Basi limekuwaje tusi, Maalim? akauliza Okeny. Nieleze. Kwetu mbwa ni gwok. Na kulinda tunasema gwoko. Ni kama ndugu, maneno hayo. Mtu akiniita gwok, nitamwambia ndiyo, nimelinda mlango wako, umelala, asubuhi umekuta mali yako. Lakini huyu hakuniita hivyo. Huyu alinitemea.

— Sasa mimi nitawaambia ukweli, akasema Spana, akisogea mbele. Mbwa ya kwanza haikuwa mbwa. Ilikuwa nzi.

— Nzi?

— Nzi. Jinja, pale maji ya Nile yanaanguka. Zamani, Wazungu hawajamwaga dawa, ilikuwa nzi mdogo mweusi, Basoga wanaiita embwa. Inauma, inakunywa damu, halafu mtu anakuwa kipofu. Hiyo ndiyo mbwa ya asili. Mungu aliumba nzi, akaipa jina. Alipofika kwa hii ya miguu minne, majina yakawa yameisha.

— Mungu aishiwe majina! Astaghfirullah, Spana!

— Nnyabo, hata sukari imeisha.

— Uongo mtupu, Bi Mwanawetu akasema, akichochea makaa kwa hasira. Bibi yangu alituambia habari yenyewe. Mola alipoufinyanga udongo wa Adamu, Iblisi alipita akautemea mate, hapa kitovuni. Jibrili akaagizwa ayachimbe mate yale na udongo wake. Hiki kishimo cha kitovu ndicho alichochimba. Na lile donge halikutupwa. Likaumbwa mbwa. Ndiyo maana mbwa humpenda binadamu, kwa ule udongo. Na ndiyo maana huuma, kwa yale mate.

— Na Kapteni je? Okeny akauliza.

Bi Mwanawetu alimtazama askari wa barazani, akashusha sauti.

— Siku ya kumuumba huyo, udongo ulikuwa umekwisha.

Tulicheka kicheko cha puani, kile cha watu wanaoogopa meno yao yasionekane. Mmoja wetu hakucheka. Abdulghani, ambaye kijiweni tulimwita Bafta, alikaa mwisho wa benchi akiizungusha kofia yake juu ya goti. Bafta alipima vitambaa kwa Ratilal tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi. Sisi tulilijua hilo na Kapteni hakulijua, na benchi zima lilikuwa limekubaliana, bila kuambiana, kwamba halitatamkwa. Siku hizo watu waliowahi kufanya kazi kwa Wahindi walikuwa wakichukuliwa mmoja mmoja, wakiulizwa dhahabu imefukiwa wapi; na aliyesema hajui hakupata nafasi ya kusema lingine.

— Bafta, sema neno, Spana akamchokoza. Au kahawa imekata ulimi?

— Sina la kusema.

— Basi nitamaliza mimi. Tazama: bwana. Tazama: mbwa. Herufi ni zile zile, isipokuwa kidogo. Zamani lilikuwa neno moja. Mzungu alikuja akaligawa: wewe bwana panda juu, wewe mbwa kaa chini. Sasa Mzungu ameondoka, Muhindi ameondoka, hakuna mtu anajua nani ni nani. Ndiyo hii vita tunaona. Kila mtu anamwambia mwingine kaa chini!

— Spana, nyamaza, akasema Okeny.

— Lakini usiogope. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kapteni ni mgeni hapa mtaani. Amekuja. Tutapona.

— Methali hiyo, nikamwambia, inamhusu mgeni anayeleta heri. Huyu amekuta nyumba ya mtu ameila pamoja na mlango wake. Na wewe unamwekea methali kama unamwekea mkeka!

Nilishangaa kusikia sauti yangu mwenyewe imepanda. Kivuli kilikuwa kimejikunja hadi karibu na vidole vyetu. Okeny akasimama, akaketi, akasimama tena.

— Mmemaliza? Mbwa ni neno la Buganda, mbwa ni nzi, mbwa ni mate ya Iblisi! Na yule pale hatakaa chini! Kwa nini hakai? Hilo ndilo mniambie!

— Ni kiziwi, akasema Spana.

— Si kiziwi. Gari likipita masikio yanasimama.

— Basi amerogwa. Muhindi alimfanyia dawa asitii mtu mweusi.

— Huenda ni uaminifu, nikasema. Wamesimulia habari za vijana waliokimbilia pangoni wakiukimbia ufalme wa dhuluma, wakalala humo karne nyingi, na mbwa wao akanyoosha miguu ya mbele kizingitini, asiondoke. Hakuna aliyemwamuru. Katajwa pamoja nao, na kila walipohesabiwa alihesabiwa.

— Maalim, mimi sina karne nyingi. Mimi nina mpaka adhuhuri.

 Ndipo Bi Mwanawetu, aliyekuwa akisuuza vikombe kwa mgongo kuelekea kwetu, akasema bila kugeuka:

— Ninyi wanaume mmechambua neno mpaka mfupa. Wenyewe waliomfuga walikuwa wakimwambia nini, alipotakiwa kukaa?

Kofia ya Bafta ilisimama juu ya goti lake. Tulimtazama sote, mmoja baada ya mwingine. Duka lile lilikuwa la Mgujarati, na mbwa yule alizaliwa uani mwake; hakuna Mswahili wa Kisenyi aliyewahi kumkaribia, kwa kuchelea najisi, wala kumsemesha. Miezi yote hiyo Kapteni alikuwa akimpigia kelele kwa lugha asizozijua, na sisi tulikuwa tukisema ana kichwa kigumu.

— Bafta, akasema Okeny kwa upole wa kutisha. Unalijua hilo neno?

— Nalijua.

— Tangu lini?

— Mimi ndiye niliyemlea. Mke wa Ratilal alimwogopa. Nilimpa maziwa kwa kidole. Anaitwa Moti. Kwao maana yake lulu.

— Nilikupita kila usiku ukifunga duka, sikuwahi kukuona na mbwa.

— Niliona haya. Nasali mstari wa mbele, nitasemaje kwamba nalea mbwa? Akinilamba, nilikwenda nyuma nikaosha mikono. Maalim, ni wewe uliyenifundisha: mara saba, moja kwa udongo.

Nikalikumbuka kopo la udongo lililokaa kwenye mlango wa nyuma wa duka lile miaka na miaka. Mtaa mzima ulidhani ni la mnanaa ulioshindwa kuota.

Okeny alimkwida kanzu kifuani, akamwinua.

— Tangu asubuhi! Umeniacha nibishane juu ya nzi na mate, na wewe una neno mdomoni! Ungetazama nikivalishwa mnyororo?

— Nikisema, atajua mimi ni wa nyumba ile! Bafta akalia kwa sauti ya chini. Watanipasua wakitafuta dhahabu. Haiko, Rungu! Mzee Ratilal alikuwa na madeni! Nimwambie nani anisadiki? Mke wangu Hajara yuko kitandani. Nimwachie nani?

— Na Rosalba nimwachie nani?

Walitazamana hivyo, uso kwa uso, watu wawili waliokunywa kahawa ya dele moja nusu ya maisha yao. Nimesoma vitabu vingi juu ya dhuluma. Sikusoma popote kwamba kazi yake ya kwanza ni hii, kumkabidhi mtu kosa la kuchagua nani aangamie, yeye au rafiki yake. Nilihisi hasira imenipanda hadi meno yakauma, na haikuwa juu ya yeyote kati yao.

Okeny ndiye aliyelegeza mkono. Akamnyooshea kanzu.

— Nipe mimi neno.

— Atakuuliza umelitoa wapi.

— Nitasema nililisikia nikiwa doria. Kila usiku nilipita chini ya dirisha lao. Hata si uongo mzima. Mimi tayari ananitaka, Bafta. Nipe.

Bafta alitazama barazani. Askari alikuwa ameingia ndani kujichagulia kitenge. Akasogeza mdomo kwenye sikio la Okeny.

— Bes.

— Besi?

— Usivute. Bes. Kama unapuliza mshumaa.

— Bes, Okeny akasema, kwa sauti isiyozidi ya mtu anayejisemea.

Ng'ambo ya njia, mbwa alisimamisha masikio. Akayumba kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake katika mji wa ugeni. Kisha akakunja miguu ya nyuma, akaketi, akaanza kupigapiga mkia mavumbini. Spana alifunga mdomo wake kwa mkono wenye grisi.

— Banange, akasema. Kumbe ana jina, na ana lugha. Ni sisi peke yetu tulioitwa mbwa tu.

Muadhini alikuwa bado hajapanda ngazi gari liliporudi. Kapteni alishuka na askari wanne, akasimama mbele ya mbwa aliyekuwa amekwisha kuinuka.

— Kaa!

Mbwa akamtazama.

— Afande, akasema Okeny, akivuka njia. Hii mbwa haijui Kiswahili. Wenyewe walikuwa wakisema hivi. Bes.

Mbwa akaketi. Askari wakaguna. Kapteni akafikiri, midomo yake ikijaribu neno kimya kimya.

— Bes, akasema.

Mbwa, aliyekuwa ameketi tayari, akajiweka sawa. Kapteni akatabasamu, na kwa kitambo nilidhani siku itaishia pale: mkombozi wa uchumi akimwomba mbwa kwa lugha ya watu aliowafukuza. Bi Mwanawetu alikwisha kunyanyua dele amimine ya shukrani.

— Vizuri, Muacholi. Unajua kusikiliza. Sasa nipe ile neno ya kuuma.

— Afande?

— Neno ya kuuma. Nikisema, iruke, ishike mtu hapa, akasema akijishika koo.

— Hilo silijui, afande.

— Ya kukaa unajua, ya kuuma hujui?

— Sikulisikia.

— Unaficha. Unajiwekea wewe mwenyewe, ili siku moja uiambie iniume mimi.

Akaashiria kwa kidevu. Askari wawili wakamfungua mbwa, wakamvika Okeny mnyororo shingoni, wakampigisha magoti kwenye nguzo. Mbwa aliyefunguliwa hakwenda popote. Alikuwa ameambiwa aketi.

— Bweka, akasema Kapteni.

Okeny alitazama mbele yake.

— Bweka!

Kitako cha bunduki kikamshukia begani. Hapo nikahisi benchi limekuwa jepesi upande mmoja. Bafta alikuwa amesimama. Alivaa kofia yake, akainyoosha kwa mikono miwili kama afanyavyo mlangoni mwa msikiti, akavuka njia.

— Hilo neno halipo, bwana, akasema, na sauti yake ilikuwa ya hasira safi isiyotetemeka. Mwache huyo. Mimi nimemlea mbwa huyu tangu hajafumbua macho. Alifundishwa kukaa, kuja na kunyamaza. Kuuma hatukumfundisha. Hapakuwa na mtu wa kuumwa.

Kapteni alimtazama, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyeokota kitu.

— Wewe ndiye wa nyumba, akasema taratibu. Kumbe ulikuwa hapa mbele yangu, unakunywa kahawa.

Hawakumpiga. Walimfungulia buti la nyuma la gari, akaingia mwenyewe, kofia ikadondoka. Okeny akafunguliwa nguzoni kama mzigo uliokwisha kazi, akaburuta mnyororo uliobaki shingoni akilifuata gari kwa miguu, akililia jina la rafiki yake, mpaka askari wa barazani akamlaza njiani kwa kitako cha pili. Gari likapinda kona. Adhana ikaanza.

Sisi tulikuwa benchini. Spana alikuwa na kikombe mkononi. Bi Mwanawetu alikuwa amelishika dele hewani, na mimi nilikuwa nimenyoosha kidole cha shahada nisijue ni lini nilikinyoosha.

Santa alifika wakati huo kutoka Kalerwe, kapu la tangawizi kichwani, akihema. Alimkuta Okeny amekaa katikati ya njia na damu sikioni. Aliiona kofia mavumbini akaijua ni ya nani, kwani kila Ijumaa Bafta alikuwa akichagua tangawizi kapuni mwake kwa kunusa. Kisha akamwona mbwa.

— Wamemchukua Bafta? akauliza.

— Wamemchukua, akasema Spana.

— Na hii mbwa, mbona haina mnyororo, na haikimbii?

— Imeambiwa ikae, nikamjibu. Haijaambiwa iondoke.

Santa aliteremsha kapu, akaliweka chini. Alilitazama benchi letu kutoka mwisho hadi mwisho, penye pengo alipokuwa akikaa Bafta, akatutazama sisi, watu wazima watatu tusio na mnyororo.

— Na nyinyi? akasema. Nani aliwaambia mkae?

Bi Mwanawetu aliinamisha dele juu ya kikombe changu. Yalitoka mashapo.